Cheti cha Mountain Leader cha Uingereza: nijiandae vipi nikiwa Tanga?

Miguu_ya_Usambara: Wakuu, naongoza wageni Lushoto hadi Mtae. Nataka cheti hiki cha kuongoza watu milimani. Wanataka nini hasa, na watu hufelia wapi?

Daftari: Mafunzo ni siku 6, kabla yake uwe na siku 20 za milimani. Tathmini ni siku 5, na hapo ziwe 40, pamoja na usiku 8 wa kambi (4 nje ya kambi rasmi) na huduma ya kwanza ya saa 16. Siku inayohesabika ni ya saa 5 au zaidi, mahali usipopazoea. Mtae ya kila wiki haimo, hata utoke jasho vipi.

Kontua: Wengi hufelia kusoma ramani, hasa gizani na kwenye ukungu. Kujua umbali uliotembea, hesabu hatua za mguu mmoja tu: mita 100 za tambarare huwa 60 hadi 70, mlimani zinaongezeka, kwa hiyo pima zako. Muda: km 5 kwa saa, ongeza dakika 1 kila mita 10 za kupanda. Mita 500 zenye mpando wa mita 80 ni dakika 6 na 8, yaani 14. Zikifika 18 hujaona ulichokilenga, tuseme makutano ya vijito, simama. Usiilazimishe ramani ifanane na unachokiona.

Miguu_ya_Usambara: Ahsante mkuu. Dira yangu itafaa?

Kontua: Angalia sindano yake imesawazishwa kwa kanda gani ya sumaku ya dunia. Ya kusini ukiipeleka Uingereza sindano huinama, inagusa kioo na kukwama.