Amemwonyesha baba mkwe wangu GOGO LENYE MSUMARI akamwambia ni mamba

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo. Nimeshuka kwenye Kosta sasa hivi, tope la mto Wami bado limo kwenye viatu, simu ina asilimia 9, na nikilala bila kuandika hili nitaamka maiti.

Mnamjua. Simtaji. Yule wa kofia ya ukindu na filimbi shingoni, anayejaza watu kila sikukuu kuwapeleka mbugani Saadani. Kama unakaa Tanga na hujawahi kukutana na tangazo lake kwenye grupu la kamati ya harusi, wewe huna ndugu.

Baba mkwe kaja kutoka Handeni. Mzee wa miaka sabini na kitu, na maisha yake yote anatamani kumwona mamba. Tembo anawajua, wamemlia mahindi. Simba kawasikia. Mamba hajawahi. Nikasema mimi ni mkwe gani sasa. Njia zilikuwa mbili: tukodi gari na mwongoza watalii wetu, boti ya kwetu peke yetu, au tuingie grupu la yule. Mke wangu alisema tukodi. Nimeiandika hiyo sentensi ili asije akasema nimeiruka. Nikapiga hesabu, kukodi ni hela ya kuezekea choo na kibaraza. Grupu ni robo yake, na ubwabwa juu. Nikaingia grupu.

Tuliambiwa saa kumi na moja alfajiri. Tukaondoka saa mbili na nusu kwa sababu kuna dada alikuwa anamalizia kusukwa. Kusukwa, wakuu! Pangani tukasimama watu wanunue nazi, kama vile Tanga hakuna nazi. Mkwaja tukasimama yule apigwe picha za tangazo la safari ijayo. Kufika mtoni ni saa nane, jua liko utosini. Sasa hata mtoto anajua mamba anaota jua asubuhi, likishakuwa kali anarudi zake majini. Kiboko naye mchana kutwa kajizamisha, anatoka usiku kula majani. Saa nane utaona nini? Masikio. Masikio tuliyaona. Nisiwe mwongo, na mbega tuliwaona juu ya miti, na furukombe mmoja aliyetutazama kwa dharau kama anajua tumelipa shilingi ngapi.

Basi, tumebanana kwenye boti, mzee nimemweka mbele kabisa aone vizuri. Yule akapuliza filimbi. FILIMBI. Kwenye wanyama. "Mamba huyo, kulia!" Boti nzima ikalalia kulia, bado kidogo tunywe mto. Watu wanajipiga selfi. Baba mkwe akavua kofia. Akavua kofia, wakuu, kama mtu aliyeingia kwenye msiba wa mkubwa.

Mimi natazama. Natazama tena. Mamba ana msumari.

Msumari wa nchi sita, una kutu, umetokeza mgongoni. Ni kipande cha mkuku wa jahazi lililokufa zamani! Nikasema kwa adabu zote za kwetu, "Kaka, samahani, hilo mbona kama gogo?" Akanigeukia na spika yake ya mkononi, mtu niko hatua mbili kutoka kwake, akasema: "Bwana mkubwa, wewe umelipia grupu. Mamba wa grupu ndiye huyu. Ukitaka anayetembea, kakodi praiveti."

Boti nzima ikacheka. Mke wangu alicheka. Dada wa nywele alicheka mpaka akashika kichwa. Baba mkwe hakucheka. Alirudisha kofia kichwani, polepole. Ile kofia inavyorudi kichwani ndiyo naiona mpaka sasa hivi nikifumba macho.

Mtoto wangu mdogo alisikia watu wanasema gaidi wetu, gaidi wetu, akaniuliza, "Baba, huyu ndiye gaidi?" Nikamwambia ndiyo mwanangu, leo umepatia.

Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Kilomita za mraba elfu moja na zaidi, nyika mpaka baharini, hakuna hifadhi nyingine ya taifa nchini inayogusa Bahari ya Hindi namna ile, na ndani ya eneo lote hilo mtu kanipelekea baba mkwe kwenye MSUMARI.

Wakati wa kurudi mzee alifungua mdomo mara moja tu, tumeshapita Pangani: "Mwanangu, hivi mamba huwa wanapigiliwa?" Sijamjibu. Yuko sebuleni, mimi nimejifungia chooni naandika.

Kwa hiyo wakuu, grupu au praiveti? Asiniambie mtu grupu.

Nyuki_wa_Muheza: Uzi bila picha ni umbea. Weka huyo mamba.

Mwana_Chumbageni (mleta mada): Picha ninazo kumi na nne. Zote mzee anatabasamu na gogo. Siweki.

Pweza_Mkavu: Nimecheka bosi kageuka. Mkuu, mimi nilienda naye mwaka jana. Msumari ulikuwepo. Ila siku ile alikuwa jike, tukaambiwa tunyamaze ana mimba.

Binti_Raskazone: Jamani! Sisi tuliambiwa kafunga mdomo kwa sababu kashiba. Ndiyo picha yangu ya wasifu hiyo, mwaka mzima. Ngoja nikaitoe.

Mwana_Chumbageni (mleta mada): Kwa hiyo mlijua? Watu wazima na akili zenu, mnajua kuna gogo mtoni, mkakaa kimya?

Pweza_Mkavu: Na sisi tulilipia grupu mkuu.

Fundi_Makorora: Ulikuwa na hela ya kuezekea choo, hukuezeka choo, hukukodi boti. Hiyo hela iko wapi? Gogo siyo lile la mtoni.

Mwana_Chumbageni (mleta mada): Fundi, nimeshasema niko chooni naandika. Nikitazama juu naona nyota. Usinichokoze.

Mzee_wa_Kaole: Poleni watu wa Tanga. Wami yenyewe iko mkoa wa Pwani, mnakuja kwa wenyeji hamsalimii, mkionyeshwa magogo mnalia. Sisi wa Bagamoyo tunapitia Makurunge, mtu anakunywa chai yake nyumbani na anamkuta mamba hajamaliza kuota jua. Tena mamba akitulia hivyo huwa kaachama, anapunguza joto la mwili. Ukiona kafunga mdomo na ana msumari, huyo ni seremala.

Nyuki_wa_Muheza: Bagamoyo mna nini zaidi ya milango ya kuchonga na vijana wa kumfuata mtu "karibu, karibu" mpaka anapanda daladala?

Mzee_wa_Kaole: Hao vijana ndio praiveti yenyewe. Unakatwa hela lakini unaenda unapotaka.

Baharia_Mstaafu: Vijana, mnagombana kwa jambo dogo. Nimepika miaka minane kwenye meli za watalii, nimefika mpaka Juneau kule Alaska, na maneno ni haya haya. Safari inayouzwa ndani ya meli ni ghali, halafu mnasombwa kundi zima kwenye boti moja, mgongo wa mwenzio ndiyo nyangumi wako. Wajanja wanashuka bandarini wanakodi nahodha wao, boti ya watu sita, wanakaa na nyangumi mpaka waridhike. Hawamsogelei lakini, sheria ya kule ni yadi 100 kwa wale nyangumi wenye nundu. Ubaya wake ni huu: safari ya meli ikichelewa, meli inawasubiri. Ukichelewa na nahodha wako wa kuokota, meli inang'oa nanga. Nimewaona kwa macho yangu, mzee na bibi yake wanakimbia gatini na mifuko ya zawadi, sisi tuko juu tunawapungia. Meli haina mkwe.

Fundi_Makorora: Yadi 100 kwa nyangumi. Huku kwetu hatua mbili kwa spika.

Baharia_Mstaafu: Na nyangumi wa aina hiyohiyo wanapita bahari yetu hii, Julai mpaka Oktoba hivi. Nyie mnakwenda kutazama misumari.

Mwana_Chumbageni (mleta mada): Asante mzee wangu, shikamoo. Angalau wewe umeuelewa uzito wa msumari.

Mama_Wawili_Sahare: Naona mnasifia praiveti. Ngojeni. Mimi nilikodi praiveti. Boti yetu, nahodha wetu, mnamjua na yeye, yule wa jino. Kisiwa cha Maziwe, tukaone pomboo. Pomboo aliwaona yeye peke yake, "wamepita sasa hivi dada, uligeukia huku". Akatushusha kisiwani, akasema anakwenda Ushongo, kule nchi kavu, mara moja kumchukua mtu. Maziwe mnaijua, mchanga mtupu, miti ilikwisha zamani, na maji yakijaa kisiwa HAKIPO. Kasa wakitaga pale mayai yanahamishiwa Ushongo yasizame. Mayai yanahamishwa! Sisi tukaachwa. Maji vifundoni, maji magotini, sufuria la pilau kichwani, shangazi kasimama juu ya deli la soda anasoma dua zote anazozijua na nyingine anazitunga palepale. Karudi yule anatuuliza, "Mbona mnalia, si mlitaka bahari?"

Binti_Raskazone: Uwiii shangazi juu ya deli.

Nyuki_wa_Muheza: Wa jino namjua. Mimi alinipeleka kuvua, samaki tukanunua soko la Deep Sea wakati wa kurudi ili mke wangu asishtuke.

Pweza_Mkavu: Deep Sea siku hizi changu bei gani? Nasikia wamepandisha.

Fundi_Makorora: Usiende jioni, wanakuuzia waliolala. Nenda boti zinapoingia asubuhi.

Mwana_Chumbageni (mleta mada): Jamani, na msumari?

Mzee_wa_Kaole: Mama Wawili, hilo pilau lilikuwa la nini?

Mama_Wawili_Sahare: La pweza.

Mzee_wa_Kaole: Pilau la pweza? Tanga mna matatizo.

Mama_Wawili_Sahare: La pweza, na nazi, na kachumbari pembeni. Kachumbari ndiyo iliyoingia maji, pilau lilipona.

Nyuki_wa_Muheza: Nazi kwenye pilau?? Mods, uzi huu uhamishieni jukwaa la mapishi, hapa lazima mtu aeleze.

Mama_Wawili_Sahare: Kaeni vizuri. Pweza unamchemsha kwanza bila chumvi.