Likizo ya uzazi inakatwa, nani atabaki na mtoto? Naomba ushauri

Mama wa Likoni:
Assalam aleikum. Nina mtoto wa wiki saba, wa pili. Mimi ni karani kwenye duka la jumla mjini Mombasa. Tajiri anataka nirudi baada ya miezi miwili, nikitaka mwezi wa tatu anikate siku za likizo ya mwaka. Mtoto wa kwanza alilelewa na mamangu, tulikaa nyumba moja Majengo. Sasa mama yuko Lamu akimuuguza nyanya, nasi tumepanga Likoni, majirani hata sijawazoea. Mume wangu ni bawabu wa usiku, hakupewa hata siku moja ya kupumzika. Anasema niache kazi. Kodi na karo tutatoa wapi? Sipati usingizi.

Bi Kisauni:
Hongera mwanangu, na pole. Zamani mzazi alitunzwa siku arubaini, mashangazi wamejaa nyumbani. Leo shangazi naye yuko kazini. Mamako usimlaumu, ana mgonjwa wake. Lakini kazi usiache.

Ami wa Tudor:
Nimesimamia wafanyakazi miaka mingi. Hapo unadhulumiwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili, na inasema wazi kwamba hapotezi likizo ya mwaka kwa sababu ya uzazi. Ukirudi, ni kwenye kazi yako ile ile, au nyingine inayokufaa kwa masharti yasiyopungua. Mumeo naye ana wiki mbili za malipo kamili. Andika barua, taja tarehe ya kurudi, na nakala yako itiwe sahihi. Maneno ya mdomo hukanwa. Akikataa, nenda kwa afisa wa kazi. Ikifika mbali, Mahakama ya Ajira iko hapa hapa Mombasa. Hakufanyii hisani huyo.

Mama Pacha:
Ongeza hili: Sheria ya Afya ya 2017 inampa anayenyonyesha mapumziko ya kukamua maziwa, hadi saa nzima kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Kwa joto letu maziwa usiyaache mezani, yatie kwenye friji mara moja. Na deikea yoyote, yaani kituo cha kulelea watoto mchana, ingia bila kuwaarifu ujionee watoto wangapi wanashikwa na mtu mmoja. Ukipata yaya, mlipe vizuri, naye huenda ameacha wake kwao.

Baba wa Changamwe:
Bawabu wa usiku si yuko nyumbani mchana? Katiba, kifungu cha 53, imeweka malezi juu ya baba na mama sawasawa. Ashike mtoto.

Mama Pacha:
Kaka, alale saa ngapi? Aliyekesha akiachiwa mtoto mchanga kutwa ni hatari. Labda asubuhi kidogo, kisha deikea, au aombe zamu ya mchana wakati wewe bado uko nyumbani.

Mama wa Likoni:
Allah awalipe. Barua naandika usiku huu. Kuna anayejua deikea karibu na feri inayopokea mtoto wa miezi mitatu?