Msaada wa ualimu Illinois: ni hela ya bure au ni deni?

Kutoka: Mama wa Moline

Shikamooni wakubwa, salamu kwa wote. Binti yangu anamaliza sekondari mwezi wa tano, na anachotaka ni ualimu tu. Tulikuja kwa ukimbizi kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Mshauri wa shule kamwambia jimbo lina hela kwa wanafunzi weusi wanaosomea ualimu. Kanisani wananiambia nisiiguse hela hiyo, eti ni mkopo. Nani mkweli?

Kutoka: Mwalimu wa Rockford

Marahaba mama, hongera kwa binti. Wote wawili wana nusu ya ukweli.

Msaada huo unaitwa Minority Teachers of Illinois (MTI), unatolewa na ISAC, tume ya jimbo ya misaada ya wanafunzi. Kiwango chake ni hadi dola 7,500 kwa mwaka. Awe mkazi wa Illinois, asome chuo cha Illinois, na wastani wake wa alama (GPA) usishuke chini ya 2.5 kati ya 4.0. Ukimbizi haumzuii: I-94 yake (rekodi ya kuingia nchini) au green card inatosha.

Sasa sharti, na hapa nakuomba usome polepole. Kila mwaka aliolipiwa ataufidia kwa mwaka mmoja wa kufundisha, katika shule ya Illinois ambayo angalau asilimia 30 ya wanafunzi wake ni wa jamii za wachache. Asipotimiza, hela inageuka mkopo wenye riba.

Nyinyi wa Moline ndio nawahofia zaidi. Davenport mnaiona ng'ambo ya mto, mnavuka daraja kwenda sokoni, lakini kule ni Iowa. Akiolewa huko au akipata kazi huko, miaka yake haihesabiwi. Mimi nilikataa kazi nzuri nje ya jimbo kwa sababu hiyo hiyo, na iliniuma.

Ule wa serikali kuu, TEACH Grant, hauna mpaka wa jimbo. Huo unadai miaka 4 ya kufundisha ndani ya miaka 8, shule za watoto wa kipato cha chini, somo lenye uhaba wa walimu. Ila ukishindwa, riba inahesabiwa tangu siku hela ilipotoka.

Na Kiswahili chake asikifiche! Sheria ya Illinois inasema shule yenye wanafunzi 20 wa lugha moja wanaojifunza Kiingereza lazima iwe na masomo ya lugha mbili. Watoto wetu wanamsubiri mwalimu kama yeye.

Kutoka: Kaka wa Chicago

Naongezea. Oktoba 2024 mpango wa MTI ulishtakiwa mahakamani kwa sababu ya kigezo cha rangi. Kabla ya kuuweka kwenye bajeti, ulizeni ISAC wenyewe umefikia wapi. FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo, jazeni mapema kwa vyovyote, maana TEACH nayo inapitia hapo.

Kutoka: Mama wa Moline

Asanteni sana. Hilo la daraja hakuna aliyeniambia. Leo jioni tunakaa naye mezani, ajibu mwenyewe kama yuko tayari kubaki upande huu wa mto.