Mama ana kisukari, kaanza keto ya kalori 800

Kijana wa Mbagala: Habari wakuu. Mama ana miaka 58, kilo 104, kisukari aina ya pili, anatumia dawa ya kisukari, glibenklamaidi. Jirani kamwambia afuate keto, yaani mlo wa wanga kidogo sana: aache ugali na wali, asizidishe kalori 800 kwa siku. Jana jioni alitetemeka, jasho likamtoka hadi kanga ikalowa. Aendelee?

Nesi Temeke: Pole sana ndugu yangu. Hiyo ni sukari kushuka. Ikirudia, mpe maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, mpime tena baada ya dakika 15. Dawa hiyo hulazimisha kongosho kutoa insulini, inayoshusha sukari, hata kama hajala wanga, ndiyo maana daktari huipunguza au kuisimamisha kabla ya kuanza mlo huo. Mlo wenyewe upo kitabibu: wanga chini ya gramu 50 kwa siku, protini ya kutosha, wiki chache, kwa uangalizi. Figo zake zimepimwa? Leo ale ugali wake, tafadhali.

Mama Kigamboni: Mimi nilisimamiwa na daktari. Nilikula samaki changu wa kuchoma kutoka soko la Feri, mchicha, maji mengi. Uzito ulipungua kweli. Kazi ilikuwa kurudisha wanga kidogo kidogo.

Kijana wa Mbagala: Asanteni sana. Amekula, ametulia. Kesho nampeleka kliniki na daftari lake la vipimo.