Bwawa la jimu: mwanaume aingie majini na nguo gani?

Mleta mada:
Wakuu, heshima zenu. Naleta jambo lililotokea Jumamosi kwenye bwawa la jimu ninayofanyia mazoezi hapa Dar. Jina silitaji, kadi yangu bado ina miezi minne.

Kuna kijana mmoja anaogelea kwelikweli, yule wa kwenda na kurudi nusu saa bila kushika ukingo. Siku hiyo aliingia na chupi ya kuogelea, ile ndogo ambayo watu huiita Speedo hata kama haijatengenezwa na kampuni hiyo. Hajarudi hata mara ya pili, mlinzi wa bwawa akampulizia filimbi na kumwonyesha ubao: "Wanaume wavae mavazi ya heshima." Kijana akatoka, akajifunga taulo, akaenda zake bila neno.

Wakati huohuo, upande wa maji mafupi, wanaume wawili walikuwa wanarushiana mpira. Mmoja kavaa pensi ya jinzi, mifuko pande zote. Mwenzake bukta ya mpira wa miguu, na chini yake boksa ya pamba inachungulia kiunoni. Huyo wa jinzi nilimwona juu kwenye vyuma jasho likimtiririka, akashuka na pensi ileile na kulipita bafu kama mlango wa jirani. Hao ndio wenye heshima.

Ninachobisha ni hiki: ubao unapima urefu, wakati bwawa linaumizwa na kitambaa. Jinzi na pamba hunywa maji, hutoa rangi na nyuzi, na hubeba jasho la siku nzima. Na ile harufu kali inayotufanya tuseme "leo wamemwaga klorini" mara nyingi si klorini yenyewe, ni kloramini, inayozaliwa klorini ikikutana na jasho na mkojo wetu. Ndiyo inayotuchoma macho. Kijana wa Speedo alikuwa ametoka kuoga.

Kama shida ni sitara, ipo bukta ya kubana inayokaribia goti, kama wanayovaa wa mashindano. Tangu 2010 sheria za mashindano ya dunia zinamtaka mwanaume avae vazi la kitambaa, lisipande juu ya kitovu wala kushuka chini ya goti. Zilikuja baada ya mashindano ya Roma 2009, ambako rekodi 43 za dunia zilivunjwa, kwa msaada mkubwa wa yale mavazi ya plastiki ya mwili mzima. Sasa nyie mliopita madrasa, kitovu na goti mmevisikia wapi? Mipaka ni ileile. Wao wanasema usizidishe hapo, sisi tunasema usipunguze.

Mtu wa Tanga:
Umenichekesha, lakini umeruka kitu. Uchi wa mwanaume ni baina ya kitovu na magoti, sawa, ila kusitiri si kujipaka rangi. Nguo ikikubana mpaka mtu wa ng'ambo ya bwawa akajua kila kilichomo, hiyo imefunika ngozi tu. Sisi tulijifunza kuogelea baharini na misuli yetu, unapiga uwinda, unaruka, hakuna aliyeaibika. Siku hizi navaa hiyo ya kubana na juu yake pensi pana ya nailoni. Maji hayajalalamika.

Nimeweka Kambi:
Nipo nasoma. Kuogelea kwenyewe sijui.

Fundi wa Mabwawa:
Mleta mada, kwenye kitambaa tuko pamoja. Siku moja mje mnione nafungua kikapu cha chujio Jumatatu asubuhi. Nywele, plasta za vidonda, vocha, risiti iliyogeuka uji, na nyuzi za pamba zimejisokota na nywele mpaka zimekuwa kama kipande cha kamba. Chujio la mchanga likijaa, mshale wa presha unapanda, inabidi nigeuze maji yarudi nyuma kuliosha, na maji hayo yote yanamwagwa. Bili analipa tajiri, kisha anawapandishia nyie kiingilio.

Lakini nikipewa filimbi mimi, simkamati mwenye jinzi kwanza. Namkamata asiyeoga. Ukiingia na bukta ya mashindano kutoka kwenye vyuma bila kupita bafuni, umeniletea kazi kuliko aliyeoga akavaa pensi ya pamba.

Dada wa Alfajiri:
Naomba na sisi tusikike. Kwenye ubao wa bwawa letu wanawake tumeandikiwa mistari mitano: isiwe ya vipande viwili, isiwe nyeupe, isionyeshe mgongo wote, na kadhalika. Wanaume neno moja, "heshima", halafu anayelitafsiri ni mlinzi ambaye naye ni mwanaume. Ndiyo maana bukta nyeupe ya mpira inapita kila siku. Jamani, mmewahi kuiona bukta nyeupe ya poliesta ikilowa? Ina urefu wa goti na haina siri hata moja. Na hizi pensi pana bila kitu ndani, mtu akiruka inajaa hewa, inafura kama puto, akiibuka imepanda mpaka tumboni. Mimi nakuja saa kumi na mbili asubuhi kuogelea, sikuja kuoneshwa. Kijana wa Speedo hajawahi kunisumbua, maana amelaza uso majini muda wote. Wanaonisumbua ni waliokaa ukingoni na pensi zao ndefu za heshima, wanahesabu nani ameingia.

Niko Lyon:
Huku nilipo ni kinyume kabisa. Mara ya kwanza nilikwenda bwawa la manispaa na kaptura yangu nzuri ya maua, nikarudishwa mlangoni kama mwizi. Kwenye mabwawa mengi ya umma Ufaransa kaptura pana ni marufuku: wanasema ni nguo unayoweza kutembea nayo mtaani, kwa hiyo utaingia na uchafu wa mtaani. Lazima ibane, na kwingi lazima kofia, hata kwa mwenye upara. Pale mapokezi palikuwa na mashine kama ya soda, inauza chupi za kuogelea. Nikanunua. Nikaingia majini nimeshika tumbo kwa aibu, na hakuna hata mmoja aliyenitazama.

Ila mleta mada, hiyo hoja yako ya kitambaa ishike kwa tahadhari. Grenoble mwaka 2022 halmashauri ililegeza masharti ili burkini ipite, lile vazi la kuogelea la kufunika mwili wanalovaa baadhi ya wanawake wa Kiislamu. Burkini ni kitambaa cha maji kama hicho unachokitetea. Tarehe 21 Juni mahakama kuu ya mambo ya utawala ikakataa, ikisema kundi moja haliwezi kupewa upendeleo unaovuruga usawa wa wengine. Huku usafi na siasa vinaogelea bwawa moja.

Mzee wa Upanga:
Vijana, mnabishana kama vile "heshima" ilishuka na kitabu chake. Mabwawa ya YMCA Marekani, chama cha Kikristo hicho, wanaume na watoto wa kiume waliogelea uchi wa mnyama mpaka miaka ya 1960. Sababu moja waliyoitoa ni hiyohiyo ya fundi wetu: nyuzi za nguo za sufu zilikuwa zinaziba machujio. Na Australia, nyumbani kwa Speedo, sheria ya New South Wales ya 1935 ilimtaka mwanaume afunike kifua ufukweni.

Mtu wa Tanga:
Mzee, kwa hiyo turudi YMCA?

Mzee wa Upanga:
Mimi na kitambi hiki? Hapana.

Mleta mada:
Nimerudi. Dada wa Alfajiri, kwenye bukta nyeupe nimesalimu amri, sikuifikiria. Mtu wa Tanga, pensi ya nailoni juu ya ile ya kubana naikubali, mradi isiwe uliyokuja nayo kwenye daladala.

Jana nimemfuata meneja. Nilimwambia afute "heshima", aandike: nguo ya kuogelea tu, isiwe ya pamba wala jinzi, isionyeshe ikilowa, na kila mtu aoge kwanza. Alinisikiliza vizuri. Akasema wateja wa sikukuu hawana bukta za kuogelea, wanakuja na watoto mara mbili kwa mwaka, akiwarudisha mlangoni atakosa hela ya dawa ya maji. Nikamwambia aweke za kukodisha. Akaniuliza, wewe ungevaa bukta aliyovaa mtu mwingine jana? Hapo nilinyamaza.

Halafu akaniuliza jingine: mlinzi amekaa upande wa pili wa bwawa, atajuaje hiki ni pamba na kile ni nailoni?

Fundi wa Mabwawa:
Rahisi. Mtu akitoka majini, nailoni inaacha kuchuruzika kabla hajafika kwenye kiti. Pamba inachora njia mpaka chumba cha kubadilishia.

Mleta mada:
Mkuu, si atakuwa ameshaogelea?