Naomba ushauri: mtoto wa miaka 9 na simu yangu
Habari zenu wapendwa. Niko Moshi, maeneo ya Pasua, nina duka la vyakula. Mwanangu wa darasa la tatu hukaa na simu yangu nikihudumia wateja. Juzi nampimia mama mmoja mchele, nikasikia sauti za ajabu nyuma ya magunia. Kugeuka, mtoto kaganda, macho kwenye simu. Alianza na katuni, video zikawa zinajicheza zenyewe hadi kwenye uchafu ule. Aliponiona akaificha simu chini ya fulana. Hilo la kuficha ndilo limeniuma zaidi, maana sijawahi kumchapa kwa ajili ya simu.

Nimemwekea YouTube Kids, ile YouTube ya watoto. Fundi kaniambia kuna Family Link ya Google, programu ya mzazi kusimamia anachofanya mtoto kwenye simu, ila inataka mtoto awe na akaunti yake kwenye simu, na yangu ni hii hii moja, ndiyo ya miamala ya duka. Wenye simu moja nyumbani mnafanyaje?

Na nianzeje kuzungumza naye? Baba yake yuko machimboni Mererani, harudi hadi mwisho wa mwezi. Tangu siku ile mtoto ananikwepa macho.