Mjadala: Gurdwara za kale zibomolewe zijengwe upya kwa marumaru, au ziachwe na matofali yake?

Singasinga wa Kisumu

Ndugu zangu, nalileta hapa jambo ambalo sisi Masingasinga wa huku tunalizungumza majumbani tu, hadharani tunalikwepa. Kule Punjab, eneo lililogawanyika kati ya India na Pakistan, kila kijiji na mji waliopita Maguru wetu, walimu walioianzisha na kuiongoza dini yetu, una gurdwara (nyumba yetu ya ibada) ya kumbukumbu: Sultanpur Lodhi alipooga Guru Nanak, Goindwal penye kisima cha ngazi 84 cha Guru Amar Das, Chamkaur walipopigana wana wakubwa wa Guru Gobind Singh. Nyingi zilijengwa kwa tofali dogo jembamba liitwalo nanakshahi, likashikwa kwa chokaa, na kuta zikachorwa kwa mkono. Nyingi kati ya hizo leo hazipo. Mahali pake pana jengo jeupe la marumaru, kubwa, safi, linalofanana na lile la mji wa pili na wa tatu.

Waliozibomoa si maadui. Ni sisi wenyewe, kwa kar seva, kazi ya kujitolea ambayo mtu hubeba karai la udongo kichwani huku akitaja jina la Mungu. Hapo ndipo panaponiuma.

Usiku wa Machi 30, 2019, watu wa kar seva walipanda Darshani Deori, lango la gurdwara ya Tarn Taran, mji ulioanzishwa na Guru Arjan. Lango lile lilijengwa takriban 1839 na Kanwar Naunihal Singh, mjukuu wa Maharaja Ranjit Singh, mfalme Singasinga wa Punjab. Mpango wa kulivunja ulishapingwa mwaka uliotangulia. Wakalivunja usiku. Waumini walipopata habari walikuja mbio wakawazuia, na SGPC, kamati inayosimamia gurdwara za kihistoria, ikawanyang'anya kazi ile. Lakini sehemu ya juu ilikuwa imeshashuka.

Kuna lililo zito zaidi. Sirhind palikuwa na Thanda Burj, mnara uliojengwa ili watu wapate ubaridi wakati wa joto. Mama yake Guru Gobind Singh, Mata Gujri, alifungiwa humo pamoja na wajukuu wake wawili wadogo, Zorawar Singh na Fateh Singh, katika baridi ya Desemba, kabla watoto wale hawajauawa kwa kukataa kubadili dini. Mnara ule ulivunjwa, likajengwa jengo jeupe. Mtoto wangu akiniuliza, "Baba, walikaa wapi?" nitamwonyesha nini?

Msimamo wangu: cha kale kisiguswe ila kwa kukarabatiwa. Tukihitaji nafasi, tujenge pembeni. Karibuni.

Mama wa Langar

Kaka, uchungu wako naujua, ila hapo sikubaliani nawe. Gurdwara si makumbusho. Ndani yake kuna Guru Granth Sahib, kitabu chetu kitakatifu, naye ndiye Guru wetu aliye hai. Tunamwinamia yeye, hatuliinamii tofali. Guru Nanak alikataa watu kuamini kwamba mahali fulani pana utakatifu kuliko pengine, halafu sisi leo tulilie chokaa?

Tena historia unayoitetea ni ya kubomoka na kujengwa. Harmandir Sahib ya Amritsar, ile gurdwara ya dhahabu, ililipuliwa kwa baruti mwaka 1762 na majeshi ya Ahmad Shah Abdali, mfalme wa Waafghani, ikajengwa upya. Dhahabu unayoiona juu yake aliiweka Ranjit Singh, karne mbili baada ya msingi. Wangekuwepo watu wa turathi siku zile, si wangemkataza? Na usisahau Akal Takht, kiti cha mamlaka ya dini yetu, kinachotazamana na Harmandir Sahib. Mwaka 1984 jeshi la India liliipiga kwa mizinga. Serikali ikaijenga upya haraka haraka, na sisi tukaikataa kazi ile. Mwaka 1986 waumini waliibomoa kwa mikono yao, wakaanza kujenga tena kwa kar seva. Jengo lilikuwa zima! Kilichokosekana ni mikono ya sangat, jumuiya yetu.

Sasa fikiria bibi wa miaka themanini aliyetoka kijijini siku ya Gurpurab, sikukuu ya kumkumbuka Guru, watu maelfu, na ukumbi wa zamani unaingiza watu mia. Mtamwambia asimame juani ili mpate kupiga picha matofali?

Dereva wa Barabara Kuu

Mimi si wa dini yenu, ila nimekula Makindu mara nyingi mno. Gurdwara ile ilijengwa 1926 na Masingasinga wa reli, na mpaka leo msafiri yeyote, awe Mkamba, Msomali, Mhindi, anavua viatu, anafunga kitambaa kichwani, anapewa chapati, dengu na chai, haulizwi kabila wala senti. Niulize jambo moja tu: nani ana kauli ya mwisho? Kwetu msikiti au kanisa likibomolewa, kuna kamati, kuna waumini wa mtaa. Hilo lango la usiku nani aliliruhusu? Kazi njema haifanywi watu wamelala.

Fundi Chokaa

Niseme kwa ufundi, maana hii ndiyo kazi yangu hapa Mombasa. Watu wanadhani jengo la chokaa limechoka, kumbe limeuawa na saruji. Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiupaka saruji au ukaubandika vigae, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inatoka ndani, plasta inavimba na tofali linakuwa unga. Kisha mtu anasema, "Mnaona? Limeoza, tubomoe." Na chini ya vigae vile kulikuwa na michoro. Ukishaipigilia, hairudi.

Mfano mzuri upo. Lakhpat, huko Kachchh, magharibi mwa India, walikotoka wazee wa Wahindi wengi wa Mombasa na Unguja, kuna gurdwara ndogo. Inaaminika Guru Nanak alipita hapo akielekea Makka. Tetemeko la 2001 liliiharibu. Hawakuleta tingatinga. Waliikarabati kwa mbinu za kienyeji, na mwaka 2004 ikapata tuzo ya UNESCO ya uhifadhi ya Asia na Pasifiki. Ibada inaendelea. Kwa hiyo, Mama, hakuna anayetaka makumbusho.

Singasinga wa Kisumu

Dada, la Akal Takht ni hoja nzito na sitaikwepa. Lakini pale jengo la kale lilikuwa limeshaharibiwa na mizinga. Walichobomoa waumini mwaka 1986 ni jengo la serikali lenye umri mdogo kuliko mtoto wa chekechea. Tarn Taran hapakuwa na vita. Lango lilikuwa limesimama na watu wanapita chini yake.

Dereva, umegonga penyewe. Kwa sheria ya 1925, gurdwara za kihistoria zimewekwa chini ya SGPC, na SGPC inachaguliwa kwa kura. Uchaguzi mkuu wa 2011 ulikaa zaidi ya miaka kumi bila kufuatwa na mwingine. Kazi yenyewe hukabidhiwa kwa baba wa kar seva, mtu mcha Mungu, mwenye wafuasi na wafadhili, asiye na mhandisi wala mchoro. Na sisi wa Kenya, Uingereza na Kanada tunatuma pesa bila kuwa na kura. Mfadhili akitaka jina lake kwenye bamba la marumaru, marumaru itawekwa.

Kujenga pembeni nako kuna gharama, nakiri. Kartarpur, ng'ambo ya mto Ravi upande wa Pakistan, ndiko Guru Nanak alikolima mpaka alipofariki 1539. Kabla ya njia ya mahujaji kufunguliwa Novemba 2019, Masingasinga wengi waliomba mashamba yale yaachwe yalimwe. Gurdwara ya kale ilibaki, na hilo nashukuru, lakini imezungukwa na ua mkubwa wa sakafu nyeupe. Agosti 2025 Ravi ilifurika, ua wote ukawa ziwa. Ningependa mahujaji waione ngano iliyopandwa kwenye ardhi aliyoilima Guru kwa mikono yake.

Mama wa Langar

Kuhusu shamba, nakuunga mkono kwa moyo wote. Guru aliyelima anakumbukwa kwa jembe.

Kuhusu majengo, nitakubali hivi: kabla ya nyundo kupanda, jengo lipimwe, lipigwe picha kila ukuta, mhandisi aandike, na sangat ya mji isomewe mchana, ndani ya gurdwara. Wakisema libaki, libaki, na ukumbi wa bibi yangu ujengwe nyuma. Lakini wakisema libomolewe, Kaka, utakubali?

Singasinga wa Kisumu

Likishapimwa, likipigwa picha, na mafundi wa chokaa wakishindwa kweli, nitakubali. Ila kwa mahali kama Thanda Burj, hapana. Hapo hata wakipiga kura wote, nitabaki peke yangu upande wa hapana.